HABARI ZA KESI NA AMANI YA DARASA

Katika lugha yetu ya taifa, neno habari ni salamu kabla halijawa taarifa. Watu wawili wakikutana njiani huulizana habari za nyumbani, habari za watoto na habari za kazi; na desturi humtaka aliyeulizwa aanze kwa kujibu kuwa ni njema, hata kama nyumbani kwake yuko mgonjwa. Baada ya hapo ndipo hufuata neno “ila”, na jambo lenyewe likaelezwa kwa mpango. Wageni wengine huidhania desturi hii kuwa ni unafiki. Sisi twaiona kuwa ni hekima ya kale. Mtoa habari huuthibitisha kwanza uhusiano uliopo baina yake na mwenzake, kisha ndipo akaieleza shida, ili shida hiyo iwakute wangali ndugu.

Tumeikumbuka desturi hii kwa sababu twataka kuliangalia swali moja la maadili ambalo kila mwenye kusoma gazeti au kusikiliza redio amepata kulikabili, hata kama hakulitambua. Je, mtu aweza kusema maneno ya kweli matupu, na huku amewadanganya wasikilizaji wake? Na kama aweza, ni wajibu gani unaomkabili mwenye kupeleka habari, na ni upi unaomkabili mwenye kuipokea? Twalitazama swali hili kwa njia ya habari za kesi za dini katika shule za umma, kwa kuwa hapo vitu vitatu vyenye thamani kubwa hukutana, yaani imani ya mtu, elimu ya mtoto na umoja wa jamii. Na penye vitu hivyo vitatu, neno moja lililowekwa vibaya huweza kuharibu mengi.

Tuchukue mfano wa Mkumbi, katika wilaya ya Mbinga, ambako milima ya Wamatengo huinuka juu ya Ziwa Nyasa. Wakazi wa huko hulima kahawa, mahindi na maharage. Mahakama za juu ziko mbali nao, na hukumu zake hazijawahi kufika katika miji yao zikiwa katika maandishi yake kamili. Kinachofika ni habari ya hukumu. Hufika kwa redio, kwa gazeti lililokwisha kusomwa na wengi, kwa msafiri aliyeshuka Mbinga mjini, na siku hizi kwa simu ya mkononi. Kila mmoja wa wajumbe hao huondoa kidogo na kuongeza kidogo. Hivyo, mwananchi wa Mkumbi anaposema kwamba mahakama imeamua hivi, yeye anasema kwa hakika kwamba mtu fulani amesema kuwa mtu mwingine amesoma kuwa mahakama imeamua hivi. Hali hii si yake peke yake. Ndiyo hali ya takriban wananchi wote, wa mlimani na wa mjini.

Nchi hii ya kusini yajua vema jinsi dini, shule na habari zilivyolelewa katika nyumba moja. Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata. Katika maji ya Nyasa, Waanglikana walikuwa wamekwisha kuweka makao yao katika kisiwa cha Likoma tangu miaka ya 1880, na mmoja wa waasisi wao, William Percival Johnson, alifariki Liuli mwaka 1928. Kwa muda mrefu kumpeleka mtoto shuleni kulikuwa ni kuchagua kanisa. Hata magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalitoka katika mikono hiyo hiyo. “Msimulizi” lilianzishwa na misheni ya Kianglikana huko Unguja mwaka 1888. “Pwani na Bara” la Walutheri na “Rafiki Yangu” la Wakatoliki yalianza mwaka 1910. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitoa “Mambo Leo”. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa habari za Kiswahili mara nyingi alikuwa muumini anayesoma habari za upande wake.

Uhuru ulilikuta taifa katika hali hiyo, nalo likachagua njia nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule nyingi zilizokuwa za mashirika ya dini, na shule kama Ndanda na Pugu zikawa za watu wote. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani, na yatamka kwamba kueneza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini si sehemu ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara hiyo imo katika sura ya haki za raia iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Matokeo yake ni kitu ambacho kwa kuwa tumekizoea hatukioni tena. Mtoto wa Mkatoliki, wa Mwanglikana na wa Mwislamu huketi dawati moja, huchota maji katika ndoo moja, na kipindi cha dini kinapofika kila mmoja huenda kwa mwalimu wake, kisha wote hurejea katika hesabu. Amani hiyo ya darasa ni mali ya taifa. Haionekani katika makumbusho, na wala haiwezi kununuliwa ikishapotea. Habari mbaya ya kesi huigusa mali hiyo moja kwa moja.

Sasa natuitazame kesi yenyewe. Kesi ni nini? Kwa desturi ya mahakama, kesi ni swali lililofinywa. Watu wawili wenye ugomvi mpana hufika mbele ya hakimu, naye huwalazimisha waupunguze ugomvi wao hadi ubaki na jambo moja au mawili yanayoweza kujibiwa kwa sheria. Kazi ya kufinya ndiyo inayoifanya mahakama iwe mahali pa amani. Habari, kwa upande wake, hufanya kazi iliyo kinyume. Hulichukua jibu dogo la mahakama na kulirudisha katika ugomvi mpana. Alichokifinya hakimu, mwandishi hukipanua tena, na hapo ndipo maneno ya kweli huweza kuzaa uongo.

Mfano ulio karibu nasi ni kesi ya Isiolo, nchini Kenya. Mwaka 2014 lilizuka suala la wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, shule ya umma yenye udhamini wa Kanisa la Methodisti. Kanisa lilikwenda mahakamani kupinga ruhusa hiyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililikubalia kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na kuwapa haki wasichana. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji wake na jaji mmoja akipinga, iliutengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani. Na sababu yake ilikuwa nini? Ilikuwa kwamba dai la mzazi aliyeitetea hijabu halikuwa limefikishwa mahakamani kwa utaratibu uliotakiwa. Mahakama haikusema kwamba hijabu ni haramu shuleni. Ilieleza kwamba mwenye kutaka haki hiyo iamuliwe aweza kufungua shauri upya kwa njia inayofaa. Lakini vichwa vya habari katika magazeti kadhaa, ya Kenya na ya nje, vilitangaza kwamba Mahakama ya Juu imepiga marufuku hijabu.

Tuyapime maneno hayo kwa haki. Ni kweli kwamba uamuzi uliowapa wasichana haki ulitenguliwa. Ni kweli pia kwamba shule ilibaki na uwezo wa kuwakataza. Mwandishi aliyebanwa na saa ya kupiga chapa aweza kujitetea kwamba hakutunga chochote. Walakini mzazi aliyesoma kichwa hicho cha habari alijengewa picha moyoni mwake, nayo ni kwamba mahakama kuu ya nchi imeipima imani ya Kiislamu na kuiona haina nafasi shuleni. Picha hiyo ilikuwa ya uongo. Basi twajifunza kwamba kuna ukweli wa sentensi na kuna ukweli wa picha, na kwamba cha kwanza hakidhamini cha pili. Mwenye kusema hudaiwa vyote viwili, kwa sababu msikilizaji hasafiri na sentensi. Husafiri na picha.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1925 katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, Marekani, mwalimu mmoja alishtakiwa kwa kuvunja sheria iliyokataza kufundisha katika shule za umma kwamba binadamu ametokana na viumbe duni. Waandishi zaidi ya mia moja walikusanyika pale, na redio moja ya Chicago ilitangaza kesi hiyo moja kwa moja. Habari zilielezwa kana kwamba ni pigano baina ya Biblia na sayansi. Mwalimu alitiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 100. Mwaka 1927 mahakama ya juu ya jimbo ilitengua adhabu hiyo kwa sababu faini ilipangwa na jaji badala ya baraza la wazee wa mahakama. Mwisho huo haukuwavuta waandishi kama mwanzo wake. Na sheria yenyewe iliendelea kuwapo mpaka ilipofutwa mwaka 1967, miaka 42 baada ya kelele zile. Mtu aliyezisikia habari za Dayton angedhani kwamba jambo limekwisha katika majira yale ya joto. Kumbe watoto waliendelea kusoma chini ya sheria ile ile mpaka walipokuwa wazazi.

Hali kadhalika, tarehe 25 Juni 1962, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sala fupi iliyotungwa na maofisa wa jimbo la New York isitumike kama sala rasmi katika shule za umma. Hoja ilikuwa kwamba si kazi ya serikali kuwatungia raia maneno ya kumwomba Mungu. Hakuna mtoto aliyekatazwa kusali. Lakini habari iliyoenea ni kwamba Mungu amefukuzwa shuleni, na mmoja wa majaji walioafiki uamuzi huo, Tom Clark, alilalamika hadharani mwaka huo huo kwamba umma haukuelezwa vizuri kilichoamuliwa. Msemo huo wa Mungu kufukuzwa umeishi kuliko hukumu yenyewe, na wako watu wanaoukariri mpaka leo bila kupata kuisoma hukumu hata mara moja.

Hatuna budi sasa kurudi nyumbani, kwani ni rahisi kuona kibanzi katika jicho la jirani. Tanzania nayo ilikuwa na kesi yake, tena kubwa. Wanafunzi wa madhehebu ya Mashahidi wa Yehova katika shule za sekondari za upande wa Mbeya waliadhibiwa kwa sababu hawakuimba Wimbo wa Taifa. Watano walifukuzwa, na wengine 122 walisimamishwa masomo. Walikwenda Mahakama Kuu wakashindwa mwaka 2010. Walikata rufani, na tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, majaji wote wakiwa na kauli moja, iliwapa haki na kuzitengua adhabu zile.

Habari ya namna hii hugusa mahali penye maumivu. Wimbo wetu wa Taifa ni alama ya ukombozi. Asili yake ni utenzi wa dini uliotungwa Afrika ya Kusini mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni, Enoch Sontonga, na ukawa wimbo wa wapigania uhuru katika nchi nyingi. Kwa wengi wetu kuuimba ni kuwakumbuka waliotutangulia. Lakini wimbo huo ni sala pia, na kwa wanafunzi wale sala ni jambo ambalo mtu hawezi kulitoa kwa amri. Hapo pana wema wawili uliogongana, utii kwa taifa na uaminifu kwa dhamiri; na migongano ya wema kwa wema ndiyo migumu kuliko yote, maana anayeshindwa ndani yake hakuwa mwovu.

Lakini tazama jinsi neno moja linavyoweza kuimaliza hoja kabla haijaanza. Mwandishi aweza kuandika kwamba wanafunzi “hawakuimba”. Aweza kuandika kwamba “walikataa kuimba”. Aweza kuandika kwamba “waligomea Wimbo wa Taifa”, au kwamba “waliudharau”. Tendo ni lile lile moja, la kijana aliyesimama kimya mstarini asubuhi. Neno la kwanza laeleza kilichoonekana. La pili laeleza nia. La tatu laleta harufu ya maasi, na la nne limekwisha kutoa hukumu. Msomaji aliyepewa neno la nne atashangaa kwa nini mahakama iliwapa haki watu wenye dharau; atahitimisha ama kwamba majaji hawaipendi nchi yao au kwamba madhehebu hayo yana nguvu za siri. Hitimisho lote mawili ni sumu, na yamezaliwa na kitenzi kimoja.

Yafaa tukumbuke kwamba swali hili limejibiwa kwa namna mbalimbali na watu wenye akili. Huko Zambia, mwaka 1967, Mahakama Kuu ilimnyima haki msichana wa shule aliyesimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Huko India, mwaka 1986, Mahakama ya Juu iliwarudisha shuleni watoto watatu wa Kerala. Marekani yenyewe ilijibu mara mbili. Mwaka 1940 mahakama yake iliwanyima haki watoto wasioisalimu bendera, na mwaka 1943 ikajigeuza na kuwapa. Baina ya majibu hayo mawili, Mashahidi wa Yehova walishambuliwa na makundi ya watu katika miji mingi, kwa kuwa habari iliyowafikia wengi kutokana na hukumu ya mwaka 1940 ilikuwa kwamba watu hao ni wasaliti. Jambo la kusikitisha ni kwamba hata majina ya familia zilizokwenda mahakamani yaliandikwa vibaya katika kumbukumbu za kesi zote mbili, na makosa hayo ndiyo yanayosomwa mpaka leo. Watu walioyatoa maisha yao ya kila siku kwa ajili ya dhamiri hawakubahatika kutajwa sawasawa.

Huenda msomaji akasema hivi: kama habari za kesi za dini zina hatari namna hii, si afadhali zisitangazwe? Serikali izifunge faili, magazeti yanyamaze, na watoto wasome kwa utulivu. Hoja hii ina uzito, na husemwa na watu wanaoipenda amani. Lakini ng'ambo ya ziwa letu liko jibu lake. Nchini Malawi, mwaka 1967, utawala wa Kamuzu Banda uliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova, na katika miaka iliyofuata walipigwa, walichomewa nyumba na maelfu yao kuikimbia nchi, hasa kwa sababu walikataa kununua kadi za chama. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1993. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo 26 hakuna gazeti la nchi hiyo lililokuwa huru kuuliza kama wametendewa haki. Ukimya ulikuwapo, na mateso yalipata kivuli chini yake. Hatimaye, katika nchi hiyo hiyo, tarehe 8 Mei 2023, Mahakama Kuu iliyokaa Zomba iliamua kwamba watoto wa Kirastafari wasizuiwe kuingia shule za serikali kwa sababu ya nywele zao. Watoto hao walisikika kwa kuwa palikuwa na mahakama ya kuwasikiliza na watu wa kuitangaza habari yao. Basi dawa ya habari mbaya haiwezi kuwa ukimya. Dawa yake ni habari njema, na kwa neno njema hatumaanishi habari ya kufurahisha, bali habari iliyotendewa haki.

Wamatengo walikuwa na desturi yao ya sengu. Wanaume wa ukoo mmoja walikula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chakula chake, na hapo ndipo mambo yalipozungumzwa, ugomvi ukasuluhishwa na vijana wakafunzwa. Sifa kubwa ya baraza la namna hii ni kwamba waliosikia mwanzo wa jambo walikuwapo pia mwisho wake. Hakuna aliyeondoka na nusu ya shauri akaenda kulitangaza, kwa maana angeumbuliwa na wenzake kesho yake katika sahani ile ile. Mtoa habari na wenye habari walikula pamoja, na hilo lilimfunga ulimi kuliko sheria yoyote.

Lakini tusiyapambe ya kale kupita kiasi. Sengu lilikuwa baraza la wanaume. Mwanamke alipika akapeleka, na mtoto alisikiliza. Msichana wa Isiolo au mwanafunzi wa upande wa Mbeya asingepata nafasi ya kusimama mbele ya wakubwa na kusema kwamba dhamiri yake inamwambia vingine. Mahakama ya leo ilimpa nafasi hiyo. Kwa hiyo twahitaji kuyaoa mambo mawili: usikivu wa sengu, ambamo jambo lilisikizwa mpaka mwisho, na mlango wa mahakama, ambamo aliye mdogo naye husikizwa. Taifa linalojua kuyaoa hayo mawili ndilo lenye utamaduni hai.

Kutokana na hayo, twaona kwamba mwandishi wa habari za kesi hizi ana wajibu wa namna tatu. Kwanza, alitaje swali kabla ya kumtaja mshindi. Msomaji aambiwe mahakama iliulizwa nini, ndipo aambiwe ilijibu nini. Na kama ilijibu juu ya utaratibu tu, aambiwe hivyo katika mstari wa kwanza, asiachiwe ajikwae nalo mwishoni. Pili, awataje wenye kesi kwa jinsi walivyo. Mzazi mmoja akishtaki, isiandikwe kwamba Waislamu wameshtaki. Kanisa moja likikata rufani, isiandikwe kwamba Wakristo wamekata rufani. Dini haina mkono wa kutia sahihi katika hati ya madai. Tatu, arudi. Aliyetangaza mwanzo wa shauri kwa sauti kubwa ana deni la kuutangaza mwisho wake, hata kama mwisho huo hauna kelele.

Dola nayo ina deni. Kwa miaka mingi hukumu za mahakama zetu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi asiyekijua alimtegemea mwandishi kama kipofu anavyomtegemea mshika fimbo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo yatafika mwisho wake siku mwalimu wa shule ya kata ataweza kuichukua hukumu, akaisoma mbele ya kikao cha wazazi kwa lugha wanayoisema, nao wakaulizana maana yake bila ya mkalimani. Na litajwe pia jambo la heshima kwa nchi yetu, kwamba mwaka 2013 Serikali ilishindwa na vijana wa shule katika mahakama yake yenyewe. Dola inayoweza kushindwa na mtoto kwa hoja haidhoofiki. Imejifunga kwa sheria iliyoitunga.

Lakini wajibu mkubwa kuliko yote unabaki kwetu sisi tunaopokea. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa kawaida msemo huu hutumiwa kuupa uvumi nguvu. Sisi twausoma kama onyo. Jambo lisilokuwapo laweza kuja kwa sababu limesemwa. Kijiji kikiambiwa mara nyingi kwamba dini fulani inataka kuiteka shule, siku moja watu wa dini hiyo, kwa kuchoka kutuhumiwa, watajitenga na kuanza kutenda kama walivyotuhumiwa. Hapo msemaji atajisifu kwamba alitabiri, na kumbe alipanda.

Wakulima wa milima ya Mbinga wanayo maarifa ya ngolo. Katika mteremko mkali hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, wakafukia juu yake udongo, na kati ya mistari huachwa mashimo. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kuteremka kwa kasi na kuubeba udongo. Husimama katika kila shimo, yakanywea taratibu. Mvua ni ile ile inayoiharibu nchi ya jirani, lakini pale huotesha maharage na mahindi. Habari nazo ni mvua. Hatuwezi kuzizuia zisinyeshe, na tungekufa njaa kama zisingenyesha. Tunachoweza ni kuzichimbia mashimo: kabla ya kuipitisha habari ya kesi kwa jirani, tujiulize mahakama iliulizwa nini, nani hasa alikwenda mahakamani, na kama shauri limekwisha au lingali njiani. Mwenye kujiuliza maswali hayo matatu atakawia kidogo kuisimulia, na katika kukawia huko udongo wa jamii utabaki mahali pake.

Twamalizia kwa kumkumbuka yule ambaye habari nyingi humsahau. Katika kesi nyingi tulizozitaja yuko mtoto aliyebaki nyumbani wakati wenzake wakisoma, akisubiri wakubwa waamue. Hukumu ikisha kutolewa, yeye ndiye atakayerudi darasani akaketi na wale wale waliosikia habari zake kwa wazazi wao. Wakiwa wameambiwa kwamba amewashinda, watamwepuka. Wakiwa wameambiwa kwamba ameshindwa, watamcheka. Na wakiwa wameelezwa sawasawa alichokiomba na alichojibiwa, watasogea kidogo katika dawati ili apate mahali pa kuketi. Kwa kiasi hicho cha nafasi katika dawati ndipo tupime kama habari tulizopashana zilikuwa za kweli.